Dola Zinahesabiwa, Saa Hazihesabiwi

Kila mwezi Benki Kuu ya Kenya hutangaza hesabu inayowafurahisha mawaziri kuliko nyingi nyingine: fedha ambazo Wakenya walioko ng'ambo wametuma nyumbani. Kwa mwaka mzima wa 2024 zilikaribia dola bilioni 5, zikaiacha chai mbali, na kahawa mbali zaidi. Sehemu kubwa hutoka Marekani. Lakini Saudi Arabia, ambayo miaka kumi na kitu iliyopita haikuwa ya kutajwa sana katika hesabu hizo, imepanda hadi kushindana na mataifa ya Ulaya. Walioipandisha ni wengi, madereva na walinzi wakiwemo, ila kundi kubwa ni la mabinti waliotoka Kisii, Kakamega, Kilifi na Nakuru, wanaodeki sakafu na kulea watoto wa watu Riyadh, Jeddah na Dammam.

Kuna hesabu ya pili, na hiyo haitangazwi kila mwezi. Mwaka 2021 wabunge wa Kenya walielezwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika mwaka 2020 na 2021, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa majumbani. Sababu iliyotolewa na mamlaka za Saudia kwa wengi wa marehemu hao ilikuwa moja: moyo ulisimama. Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba katika miaka 5 Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walifariki katika nchi hiyo, na kwamba 55 kati yao walifariki mwaka 2024 peke yake. Hawa ni watu waliopimwa afya kabla ya kupanda ndege, wengi wao vijana. Moyo wa kila maiti umesimama, msikilizaji. Kinachoulizwa ni nini kiliusimamisha.

Habari za namna hii zikifika mezani, mazungumzo hukimbilia kumtafuta mtu mbaya. Wakala tapeli, bosi katili, binti mwenye tamaa asiyesikia la mkuu. Watu hao wapo. Lakini mkikamata wakala mmoja Nairobi leo, kesho wawili wamefungua ofisi barabara ya pili, na wote watapata wateja. Kwa hiyo mazungumzo ya leo yatamweka wakala pembeni kidogo, yaangalie kitu kinachomfanya astawi: kazi ya nyumbani, popote inapofanywa, haijakubaliwa kuwa kazi. Na kwa kuwa wanaoifanya ni wanawake, hakuna aliyeona haraka ya kuikubali.

Safari yenyewe huanza kwa upole sana. Anayeitaja kwanza mara nyingi si mgeni. Ni jirani, mama wa kanisani, shangazi, au rafiki aliyesoma naye ambaye siku hizi ana simu nzuri. Kazi ipo, anasema. Mshahara ni kama shilingi elfu 30 za Kenya, chakula na malazi juu ya bosi, tiketi bure, pasipoti wakala atakusaidia. Binti mwenye umri wa miaka 24, mwenye mtoto mmoja na deni la ada la mdogo wake, akatae kwa hoja gani? Anapimwa damu, anapimwa mimba, anapelekwa mafunzo mafupi ya kutumia mashine ya kufulia na kusalimia kwa Kiarabu. Usiku wa kuondoka utawaona uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, yeye na wenzake katika fulana za rangi moja, wanapiga selfi na kucheka. Kuna wanaotiwa mkataba mkononi wakati huo huo wa kuondoka, katika lugha wasiyoisoma.

Tiketi ile ya bure imelipiwa. Mwajiri amelipa ofisi ya Riyadh au Maskati, ofisi imemlipa wakala wa Nairobi au Dar es Salaam, wakala amemkatia yule jirani chake. Mpaka binti anashuka kwenye ndege, ameshakuwa na bei, na anayemngojea nje anaijua. Wanawake waliohojiwa na Human Rights Watch kuhusu Oman walisimulia waajiri waliowaambia wazi kwamba wamewanunua, na ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2016 ikapewa jina kutokana na kauli ya kwamba mtu aliuzwa. Anayetaka kuondoka kabla ya miaka miwili kwisha hujibiwa arudishe kwanza fedha za watu. Mwaka uliofuata shirika lilitoa ripoti nyingine, hii ya Watanzania 50 waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna pasipoti zilizochukuliwa siku ya kwanza, mishahara iliyokatwa au kutolipwa kabisa, siku za kazi zisizo na mwisho, na vipigo. Mna pia jambo ambalo aliyewahi kukaa kwenye nyumba ya watu atalielewa haraka: kuajiriwa na mtu mmoja, kisha kujikuta unasafisha na kwa mama mkwe, na kwa shemeji, na Ramadhani ikiingia unapika usiku na kuosha vyombo alfajiri.

Amnesty International nao walizungumza na Wakenya zaidi ya 70 waliorudi kutoka Saudia na kutoa ripoti yao Mei 2025. Mshahara waliokuta wengi wakilipwa ulikuwa kama riyali 900 kwa mwezi, karibu dola 240, kwa siku za kazi zinazopita saa 16. Gawanya mwenyewe. Inakuja nusu dola kwa saa, na hapo bado hujahesabu miezi ambayo haikulipwa.

Kinachoyawezesha haya kinaitwa kafala. Chini ya mfumo huo kibali cha mfanyakazi kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri wake, kafili. Akitoka kwenye nyumba ile bila ruhusa anaripotiwa kuwa ametoroka, na kuanzia hapo aliyevunja sheria ni yeye: hata kama ametoka na alama ya pasi mgongoni, hata kama anadai mishahara ya miezi minane. Polisi wakimkuta barabarani swali la kwanza ni kafili wako nani.

Chukua dada na kaka waliotoka nyumba moja Bungoma na kupanda ndege moja. Kaka anakwenda kuwa mlinzi kwenye jengo la biashara Riyadh. Sheria ya kazi ya Saudi Arabia inamtambua: saa 8 kwa siku, 48 kwa wiki, mapumziko, haki ya kulalamika. Kwamba sheria hiyo huvunjwa ni kweli, lakini ipo, na kaka analala na wenzake kumi ambao wakikaa usiku wanaambiana nani kadhulumiwa nini na wapi pa kushtaki. Dada anaingia kwenye nyumba yenye geti, na sheria hiyo inaishia getini. Yeye ana kanuni zake. Zile za mwaka 2013 zilimpa saa 9 za kupumzika kwa siku, maana yake kumfanyisha kazi saa 15 lilikuwa jambo halali kabisa. Machi 2021 Saudia ilipolegeza kafala kwa shangwe nyingi, wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Oman ilitunga sheria mpya ya kazi mwaka 2023 na kuwaacha nje vilevile. Ni haki kusema pia kwamba Saudia iliboresha kanuni zake mwaka 2024 na kuweka kikomo cha saa 10, na kwamba kima cha chini cha mshahara cha Qatar, riyali 1,000 za huko tangu Machi 2021, kinamhusu na mfanyakazi wa ndani. Shida ni kwamba mkaguzi wa kazi anaingia kiwandani. Sebuleni kwa mtu haingii.

Hapo ndipo tofauti ya mwanamke na mwanamume inapokaa, ndani ya kifungu cha sheria, kabla hata hatujafika kwenye tabia za watu. Na huongezeka kwa njia ambazo mtunga sheria hakulazimika kuzifikiria. Wako wanawake wa Kenya waliozaa Saudia nje ya ndoa, wengine kwa kubakwa. Mahusiano hayo huko ni kosa la jinai, kwa hiyo mtoto hapati cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hapati hati ya kusafiria. Mama anabaki nchini bila kibali, na mtoto ambaye kwenye makaratasi hayupo. Baba wa mtoto naye anaendelea na maisha yake. Yeye hakubeba ushahidi tumboni.

Je, huu ni usafirishaji haramu wa binadamu, ilhali binti alitaka kwenda mwenyewe? Swali hili huwasumbua hata mahakimu. Itifaki ya Palermo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 2000, inatazama mambo matatu: mtu amesafirishwa au kupokewa, kwa njia ya nguvu, udanganyifu au kutumia unyonge wake, kwa lengo la kunyonywa. Palipo na udanganyifu, kule kukubali kwake hakumsafishi aliyemdanganya. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2008, Kenya mwaka 2010. Ya Kenya ni kali mno kwenye karatasi: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote. Ukali huo huo ndio unaoifanya isitumike ipasavyo, kwa maana mwendesha mashtaka anayemwona mbele yake mama jirani aliyelipwa kamisheni ndogo hushawishika kumshtaki kwa kosa dogo la leseni au la uhamiaji. Mwenye ofisi hayumo hata kwenye hati ya mashtaka. New York Times walikwenda mbali zaidi, wakaonyesha kwamba miongoni mwa wenye hisa katika biashara hii, kule na huku, wamo watu wenye vyeo.

Kidunia, ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwaka 2024 ilionyesha kuwa katika kila watu 100 waliogunduliwa kuwa wamesafirishwa kiharamu, 61 walikuwa wanawake na wasichana. Hao ni waliogunduliwa. Aliyefungiwa ghorofa ya tatu Jeddah hajagunduliwa na mtu.

Sasa turudi jikoni kwetu, mahali ambapo mazungumzo haya huwa hayapendi kufika. Dada wa kazi wa Dar es Salaam ametoka Iringa, Singida au Dodoma. Amechukuliwa kijijini na mtu anayefahamiana na mama yake, pengine kwa ahadi ya kusomeshwa cherehani. Amri ya mishahara ya Tanzania ya mwaka 2022 ilimwekea anayeishi kwa mwajiri shilingi 60,000 kwa mwezi. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2013, ilikuwa 40,000. Na wangapi wanalipwa hata hizo? Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, chakula chake ni kilichobaki, mshahara anatunziwa na mama mwenye nyumba, simu ni mpaka aombe, na Jumapili akitaka kutoka anaulizwa anakwenda kwa nani. Bila pasipoti na bila Kiarabu, hiyo si kafala? Mwenye nyumba atajibu kwamba huyu ni kama mtoto wake. Ndivyo wanavyosema hata Maskati.

Ukiangalia tofauti ya fedha utaelewa kwa nini hofu haiwazuii. Elfu 60 za Tanzania ni kama dola 25. Ubalozi wa Tanzania nchini Oman uliwahi kuweka kima cha riyali 80 za Oman, zaidi ya dola 200. Msichana anayefanya kazi ileile bila mkataba Kariakoo, kwa kudharauliwa kulekule, anaambiwa kuna mahali italipwa mara 8. Kumtisha kwa matangazo ya redio hakutoshi. Na bibi yake, ambaye ndiye atakayeachiwa mtoto, amekwisha kufanya hesabu: bati, ada, dawa ya presha. Kazi ya bibi huyo ya kulea, ambayo bila yake safari isingewezekana, haina riyali wala shilingi, na haimo katika hesabu ya mtu yeyote.

Oman ina jambo lake ambalo Mswahili hawezi kulipita kimya. Familia nyingi za Maskati zilitoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingine zilitoka Burundi, Rwanda na Kongo, na mpaka leo bibi wa nyumba anaweza kukuamkia kwa Kiswahili kizuri kuliko cha vijana wa Dar. Kwa Mtanzania hilo ni faraja: anaelewa anachoambiwa, na pilau la pale analijua. Lakini kuelewana huko hakujamwongezea siku ya mapumziko. Kisheria hali yake ni sawa na ya Mbangladeshi wa nyumba ya pili, ambaye haelewi hata neno.

Serikali nazo, zikibanwa na maiti, hukimbilia dawa moja: marufuku. Kenya ilizuia wafanyakazi wa majumbani kwenda Saudia mwaka 2012, mwaka 2014 ikafuta leseni za mawakala wapatao 930, kisha ikafungua tena. Ethiopia ilizuia mwaka 2013 mpaka 2018. Uganda ilizuia Januari 2016 na kufungua mwaka uliofuata. Matokeo yamekuwa yaleyale kila mara. Waganda walipitia Nairobi, Wakenya walipitia Entebbe, wengine waliondoka na viza ya matembezi, na waliofika hivyo hawakuwa kwenye daftari la ubalozi wowote. Inafaa pia kuangalia anayezuiwa ni nani. Mara nyingi marufuku hizo hazimlengi kaka mlinzi. Mwanamke mtu mzima, mwenye kitambulisho na mwenye kupiga kura, anaambiwa hawezi kutoka kwa sababu huko atadhulumiwa. Na hapa nyumbani akidhulumiwa kwa elfu 40 hakuna aliyefunga njia ya Iringa.

Beirut palionyesha mwisho wa njia hizo. Uchumi wa Lebanoni ulipoporomoka mwaka 2020, waajiri waliwashusha Waethiopia nje ya ubalozi mdogo wa nchi yao na mabegi yao, wakaondoka. Januari 2022 wanawake wa Kenya walilala nje ya ofisi ya konseli wao katika jiji hilohilo, kwenye baridi, wakiomba kurudishwa kwao.

Wafilipino walifika kwenye njia hii kabla yetu, na kwao kifo kimoja kiliwahi kutikisa dola. Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani aliyepatikana na hatia ya mauaji ambayo wananchi wenzake wengi hawakuamini kwamba ni yake. Watu waliingia barabarani Manila, waziri wa mambo ya nje akajiuzulu, na kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa imepita sheria ya kuwalinda raia wanaofanya kazi nje. Mwaka 2006 Ufilipino ikatangaza kwamba mfanyakazi wake wa majumbani haondoki kwa chini ya dola 400. Mwaka 2018, baada ya maiti ya binti wa Kifilipino kukutwa kwenye friza Kuwait, ilizuia watu wake kwenda huko, lakini haikuishia kwenye kuzuia: Mei mwaka huohuo Kuwait ilitia saini makubaliano kwamba mfanyakazi atabaki na pasipoti na simu yake. Simu, msikilizaji. Ukisoma masimulizi ya waliookolewa, karibu kila mmoja aliokolewa na simu aliyoificha.

Haimaanishi kwamba Manila ni pepo. Wafilipino bado wanateswa, na kuna waliotoa hoja ya haki kwamba nchi iliyojenga uchumi wake kwa kusafirisha mama zake ina maswali ya kujibu. Ila ilifika mezani ikiwa na bei na masharti. Ndiyo pia iliyokuwa ya pili, baada ya Uruguay, kuridhia Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, ambao unasema mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine: saa zinazojulikana, siku ya mapumziko kila wiki, karatasi zake mkononi mwake. Miaka 10 baadaye Kenya, Tanzania na Uganda zilikuwa hazijauridhia. Sababu inakisika. Atakayemdai mfalme wa Saudia siku ya mapumziko ya binti wa Kakamega itabidi ampe siku hiyo binti wa Kakamega aliyeko kwake Lavington, Nairobi, na aliyeko nyumbani kwa mbunge.

Lugha ya maendeleo ya kimataifa imejaa maneno mazuri juu ya haya. Malengo ya mwaka 2030 yanataka usafirishaji wa wanawake na wasichana ukomeshwe, yanataka kazi ya nyumbani isiyolipwa ithaminiwe, na hayohayo yanataka gharama ya kutuma fedha ishuke chini ya asilimia 3. Katika matatu hayo, lililopata wafadhili, mikutano na programu za simu kwa wingi ni hilo la fedha. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 wahamiaji walituma dola bilioni 656 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, na tangu hapo kila serikali inataka fungu lake. Kenya ina mpango wake, Kazi Majuu, na mafanikio ya mpango wa namna hiyo ni rahisi kupimwa kwa idadi ya waliopanda ndege.

Upimwe kwa kitu kingine. Dola 400 alizowekewa Mfilipino mwaka 2006 ni riyali 1,500 za Saudia. Katika jiji hilohilo, mara nyingine katika nyumba hiyohiyo, Mkenya anakunja shuka zilezile kwa riyali 900. Hakuna aliyewapima nani anakunja vizuri zaidi. Kilichotofautiana ni serikali iliyokaa mezani na kilichoandikwa kwenye karatasi kabla hawajapanda ndege. Tofauti ni riyali 600 kwa mwezi. Kwa mkataba wa miaka miwili zinafika 14,400, karibu dola 3,840 kwa kila mwanamke, na Wizara ya Kazi mjini Nairobi inao wataalamu wa kutosha wa kuzidisha hesabu hiyo kwa idadi ya waliokwisha kuondoka.